Mwanamke Aliyetoka na Mashuka

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba pale mpakani hawakuniruhusu kupita kwa sababu ya karatasi, waliniruhusu kwa sababu walichoka kunisikiliza. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Jumamosi moja nilikosa la kusema ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ujue halikuwa jambo dogo.

Ninakaa Laeken, hapa Brussels, kwenye nyumba nyembamba ya zamani, matofali yake yameshakuwa meusi kwa moshi. Nimepanga sehemu ya chini. Mbele kuna chumba kinachotazama barabara, nyuma kuna jikoni, na katikati kuna korido yenye ngazi za kwenda kwa wapangaji wa juu. Chini ya ngazi hizo kuna stoo ndogo yenye mlango wa mbao, ambao mtu mzima anaingia akiwa ameinama. Humo naweka unga wa bugali, mawese, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, ninaoletewa na watu wakitoka Bukavu. Ndagala wakiwamo, nyumba nzima inajua. Kijana wa Kibelgiji anayekaa juu alikuja kulalamika. Nikampikia sahani moja, akaacha.

Wakati huo nilikuwa na mgeni. Alikuwa binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu, huniita yaya, dada mkubwa, na alikuwa na mtoto wa kike ambaye hata kukaa alikuwa hajajua vizuri. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa hazijaeleweka. Mwenye nyumba hakujua kwamba yupo, na komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, haikujua. Hapa Ubelgiji polisi wa mtaa huja bila taarifa, anabonyeza kengele, anatazama vitanda, anahesabu miswaki bafuni, ili ahakikishe nani anaishi wapi. Tangu mdogo wangu aje, kila kengele ikilia moyo wangu ulikuwa ukiruka.

Jumamosi hiyo ikalia. Nikachungulia kwa pazia. Barazani alisimama mzee wa Kizungu, koti refu la kijivu, kofia mkononi. Alitazama namba ya nyumba. Akarudi nyuma hadi ukingo wa barabara, akatazama madirisha, moja baada ya lingine. Akakaribia tena, akaweka kiganja kwenye fremu ya mlango, akakiacha hapo. Nikajua, huyu ni wa komini. Ungeniuliza ni polisi gani anafanya kazi akiwa na umri wa babu, ningekujibu kwamba mtu mwenye hofu haulizi umri.

Nikakimbia jikoni. "Ingia kwa stoo! Na mutoto! Haraka!"

"Yaya, batanikamata?"

"Batakukamata kama unaendelea kuniuliza. Ingia! Usikohoe, usipumue!"

Akaingia, nikafunga. Nikajifuta mikono, nikavaa tabasamu, nikafungua mlango.

"Samahani, madame," alisema yule mzee kwa Kifaransa cha adabu nyingi, "ningependa kuingia kidogo, kama hutajali. Nataka tu kuiona nyumba."

Unaona? Kuiona nyumba! Nikamwambia karibu, papa, yaani baba, karibu sana, nikampeleka jikoni, nikamwekea kiti. Sasa, kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Nilivyolelewa na mama yangu, kumwuliza mtu "umefuata nini?" tumbo lake likiwa tupu ni kumfukuza. Siku hiyo desturi hiyo niliitumia kama ngao. Kila alipofungua kinywa aseme lililomleta, nilimwekea kitu mbele. Bugali. Sombe. Ndagala kidogo wa nyanya. Nilijiambia kwamba mtu aliyeshiba kwako ataona aibu kukuandikia ripoti.

"Hiki ni spinachi?" aliuliza.

"Majani ya muhogo, papa. Kula."

"Kwa nini unaniita papa? Hunijui."

"Kwetu mtu wa umri wako hatumwiti vingine. Kula, papa, kitapoa."

Alikula, tena alikula vizuri, sikutegemea. Lakini macho yake hayakuwa kwenye sahani. Kila mara yalikwenda kwenye korido, yakaelekea ngazini, yakabaki huko. Nikasogeza kiti changu nikakaa kati yake na korido, na mwili wangu, Mungu ashukuriwe, ni ukuta unaotosha. Nikaongea. Niliongea juu ya mvua, juu ya tramu, juu ya wazee ninaowahudumia majumbani mwao, maana ndiyo kazi yangu. 

Mwishowe akaweka uma chini. "Madame, umenikarimu kuliko nilivyostahili. Sasa niruhusu niseme. Mimi niliishi hapa nikiwa mtoto. Niliishi pale." Akaelekeza kidole nyuma ya bega langu. "Chini ya ngazi."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofungwa.

Alinieleza taratibu, kama mwalimu, na kumbe alikuwa mwalimu kweli, alifundisha hesabu maisha yake yote. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Poland wakaja kutafuta maisha Brussels, upande ule wa stesheni ya Midi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Wajerumani walipoichukua nchi, Wayahudi walilazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo zao, na baba yake, kwa kuwa ni fundi, aliwashonea majirani wasiojua kushika sindano. Alizishona vizuri, kwa uzi wa rangi inayofanana. Yule mzee alinitajia huo uzi kwa fahari na kwa uchungu kwa pamoja. Kisha watu wakaanza kuitwa kwa barua, eti waende kufanya kazi. Kisha wakaanza kukamatwa barabarani na vitandani mwao. Baba yake alitoka asubuhi moja kupeleka koti la mteja, hakurudi tena.

Nimetoka kwenye vita, mimi. Nimeona watu wakikimbia na magodoro kichwani, nimeona mambo barabarani ambayo siyaandiki hapa. Lakini ile ya kumtafuta mtoto wa fundi cherehani, kwa anwani, kwa muhuri, kwa ratiba ya treni, na makarani wakaenda kula chakula cha mchana halafu wakarudi kuendelea, hiyo silinganishi na kitu. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika meza.

Katika nyumba hii, aliendelea, aliishi mjane aliyekuwa akipigia watu nguo pasi. Suti za wateja wa yule fundi, baba wa mzee, naye alikuwa akizipiga pasi, hivyo walijuana. Mama wa mzee alipobaki peke yake na watoto wawili, mzee mwenyewe akiwa wa miaka minne na dada yake mchanga, alikuja kwa mjane huyu. Na mjane akakubali kuficha. Hakulipwa, hakuwa ndugu, hakuwa hata wa dini yao. Adhabu aliijua, ilikuwa imebandikwa ukutani mitaani.

"Alikuwa mtu mwema sana," nikasema.

"Hapana." Akacheka kidogo. "Alikuwa mkali kama nini. Alivuta sigara, alitukana wateja wakishaondoka, na alinipiga kofi nilipocheza na makaa. Nilipokua nilimwuliza kwa nini alinichukua. Alikasirika. Alisema, 'Kwa sababu ulikuwa mlangoni.' Ndilo jibu pekee alilonipa mpaka anakufa; juu ya siku ile hakutaka kuulizwa."

Jamani! Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile. Barabara hii ilikuwa na milango mingi. Nyuma ya kila mlango palikuwa na mtu aliyejua kinachotendeka, na wengi walishusha mapazia, nami siwahukumu, maana najua hofu ni nini. Ila huyu mwanamke wa pasi, mwenye sigara na makofi yake, ninamvulia kilemba. Ninapofagia korido sasa huwa nafikiri kwamba miguu yake ilipita hapa.

Nikamwuliza kwa nini amekuja leo, baada ya miaka yote hiyo.

Uso wake ukabadilika. Akaniambia kuhusu vile vijiwe vya shaba ambavyo watu huvitia kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba walikochukuliwa Wayahudi, kila mtu kijiwe chake na jina lake. Watoto wake walikuwa wameshapanga vitatu vitiwe kule Midi: cha baba, cha mama, na cha dada. Walimwomba aseme maneno machache juu ya mama yake siku hiyo. Kati ya waliowahi kumwona, duniani amebaki yeye peke yake.

"Na mimi sina jema la kusema," alisema. "Nimekuja niitazame stoo, labda nitapata neno. Madame, mama yangu alikuwa na watoto wawili. Mimi alinisukuma pale ndani. Dada yangu aliondoka naye. Niliwaona kwa ufa wa mlango. Mkono mmoja dada yangu, mkono mwingine rundo la mashuka yaliyopigwa pasi. Mashuka alichukua. Mimi hakunichukua. Akatembea korido nzima hadi mlango wa barabarani na hakugeuka. Hata mara moja. Walikamatwa muda mfupi baadaye, wakapitishwa kambi ya Malines, wakapandishwa treni. Wao wamekufa na mimi nimeishi, nimeoa, nina wajukuu. Na bado nimenuna. Unaona ilivyo aibu? Nimekuwa mtoto wa miaka minne maisha yangu yote. Nataka kujua kitu kimoja tu: kwa nini alimchagua yeye."

Nilitaka kumwambia kwamba mama hachagui. Lakini ungekuwa uongo. Nimewaona kina mama wakichagua, kwenye lori lenye nafasi moja, na sitaki kusema zaidi. Nikamsogezea maji.

"Naomba uniruhusu nifungue ule mlango," alisema. "Dakika moja tu."

Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimeshamsahau mdogo wangu! Alikuwa humo muda wote huo, gizani, kati ya gunia la unga na ndoo ya mawese. Nikaanza kubabaika. Nikasema stoo ni chafu, papa, inanuka samaki, ngoja niipange, uje wiki ijayo. Nilishamwamini, nusu. Nusu nyingine iliniambia kwamba mzungu ni mzungu, na hapa watu huripoti hata mfuko wa taka uliotolewa siku isiyo yake.

Ndipo mtoto akalia.

Hakuanza kwa kunung'unika, alilia moja kwa moja kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Ile stoo ni kama ngoma: sauti ilipanda na ngazi, ikajaa korido. Tukasikia mlango wa juu ukifunguliwa na yule kijana akiuliza kama kuna mtu ameumia. "Hakuna kitu! Ni mtoto!" nikapiga kelele.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama. Rangi yote ilikuwa imemtoka usoni. Nikadhani moyo wake unasimama, na mimi nina vyeti vya huduma ya kwanza, lakini miguu yangu haikusogea.

"Fungua," alisema. "Tafadhali. Fungua."

Nikafungua. Mdogo wangu akatoka amekunjamana, unga kichwani, machozi mashavuni, mtoto kifuani, mfuko begani. "Pardon, monsieur," alisema akitetemeka. Kisha akanigeukia: "Yaya, nilimuziba kinywa, akataka kukosa pumzi, nikamuacha. Singeweza."

Nikamtafsiria mzee, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Alimsikiliza huku akimtazama mtoto. Akashika nguzo ya ngazi, akajishusha polepole hadi akakaa kwenye ngazi ya chini, koti lake likiburura sakafuni.

"Alikuwa humu," alisema.

"Nani, papa?"

"Dada yangu. Alikuwa humu pamoja na mimi. Mguu wake ulikuwa tumboni mwangu, una joto. Mama alituweka wote, akafunga mlango. Kukawa na giza." Alikuwa akiongea kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Akalia. Na juu, mwanamume akafungua mlango. Alikuwa akinywa na Wajerumani yule, mjane alimwogopa sana. Akauliza kwa sauti kubwa, mtoto wa nani huyo? Sauti hiyo ninaikumbuka, nilidhani ni ya siku nyingine. Na mjane akajibu... akajibu..."

Akanyoosha mkono, akagusa mlango wa stoo.

"Akajibu, ni wa mteja wangu, amekuja kuchukua mashuka yake."

Mdogo wangu aliacha kulia. Hata mtoto alinyamaza, alikuwa amepewa titi. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, lakini sikuthubutu kusema, kwa sababu lilikuwa lake kulisema. Na yeye, mwalimu wa hesabu, alikuwa amefika mstari wa mwisho na anaogopa kuandika jibu.

"Labda ninajitungia," alisema. "Labda nataka tu iwe hivyo. Pengine alikuja kuniacha mimi peke yangu, na dada yangu alilia korido tu. Ningejuaje? Nilikuwa na miaka minne."

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kumbadilisha mtoto hapo hapo sakafuni, maana kwa hofu ile alikuwa amelowa mpaka mgongoni. Akafungua mfuko, akatoa pampas. Mzee alitazama mikono yake.

"Umeingia na hizo humo ndani?" aliuliza. "Mtu anakukimbiza, na wewe umechukua mfuko?"

"Monsieur," alisema mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutetemeka, "mtoto haendi mahali bila mfuko wake. Ningesahau viatu, huu singesahau."

Mzee aliutazama ule mfuko. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayeongea peke yake, "Mimi humu nililalia nepi."

"Nepi?"

"Nepi za kitambaa. Zilikuwa ndani ya mfuko wa foronya uliofungwa fundo. Mjane alinipa uwe mto wangu. Nimeulalia mpaka vita vikaisha. Zilikuwa safi, zimekunjwa." Akanyanyua macho, akanitazama. "Nilikuwa na miaka minne, madame. Nilikuwa sivai nepi."

Nilimwuliza, ingawa nililijua jibu, ingawa sote watatu tulilijua. "Zilikuwa za nani, papa?"

Alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yakatikisika. Mdogo wangu, ambaye nusu saa kabla alikuwa anamkimbia mtu huyu, alikwenda akakaa naye kwenye ngazi, ubavu kwa ubavu, kama tunavyokaa matangani, bila neno. Nami nililia, kwa nini nifiche. Nililia kwa sauti mpaka yule kijana akashuka kuuliza tena.

"Alituleta wote wawili," alisema mzee ndani ya kofia. "Alikuja kutuacha wote wawili."

Baadaye nilimwambia kwamba nilidhani ametoka komini. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba humu ndani yeye hakuona mtu yeyote isipokuwa mama mmoja anayelazimisha watu kula. Alipoondoka, alimpa mdogo wangu mkono, akamwinamia, na akatuomba tuje siku ya vijiwe, sote watatu.

Tulikwenda. Ilikuwa asubuhi ya baridi, watu wachache wamesimama kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba ambayo sasa chini yake kuna duka la simu. Fundi alipiga magoti, akatia vijiwe, akapangusa mchanga kwa brashi. Wana wa mzee walimshika mkono huku na huku. Mimi nilijiandaa kwa hotuba ndefu, maana mtu aliyenuna miaka yote hiyo ana deni la maneno. Mdogo wangu alisimama nyuma, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, akiwaangalia polisi wawili waliokuwa wakizuia magari.

Mzee hakutoa karatasi. Alitazama kile kijiwe cha katikati.

"Mama yangu alikuja kwa mjane na watoto wawili," alisema. "Mmoja alilia, na mtu akasikia. Basi mama yangu alimchukua huyo aliyelia, akachukua na mashuka ya watu ambayo hakuwa na shida nayo, akatembea korido yote kama mteja, polepole, na mtu huyo akimwangalia kutoka ngazini. Mimi nilikuwa nyuma yake, nyuma ya mbao nyembamba. Alijua niko pale. Alijua ninamwona." Akavuta pumzi. "Angegeuka kunitazama, yule mtu angetazama alikotazama yeye. Hakugeuka."